Wasomaji Wauliza: “Sentensi ya Ngapi Inayosema Hivyo?”

Tulipowaomba walimu watuandikie kuhusu kipindi cha kusoma, tulitegemea maswali ya matamshi na uhaba wa vitabu. Hayo yamo, lakini yaliyozidi ni malalamiko ya namna moja: watoto wanasoma vizuri, wanajibu maswali ya ufahamu, ila ukiwauliza wao wanaonaje, darasa linakuwa kama msibani. Mihtasari ya Tanzania huliita jambo hili fikra tunduizi. Kenya wanasema uwazaji kina. Kazi yake darasani ni ileile: mtoto aseme anachofikiri, aonyeshe amekitoa wapi, kisha amsikilize mwenzake anayefikiri vingine. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Darasa langu la Tano linajibu kwa pamoja kila ninachouliza. “Tumeelewana?” “Ndiyooo!” Nikimsimamisha mmoja, anatazama sakafu. Nifanyeje?
Mwalimu, Kahama

Mwalimu, watoto hao wanaitikia jinsi wanavyoimbishwa. Kwa kipindi kimoja tu, sikiliza maswali yako mwenyewe. Ukisema “Fisi aliingia kwenye shi...?” na sauti ukaipandisha, umeomba “mooo!”, nao wamekupa. Ukisema “Tumeelewana?” umeuliza swali lenye jibu moja lililo salama. Acha aina hizo mbili kwa wiki 2, na sehemu kubwa ya korasi itakufa yenyewe. Badala ya “Tumeelewana?” sema: “Mweleze jirani yako kwa sentensi moja kwa nini fisi aliingia.”

Baada ya hapo kuna kimya. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu wa sayansi walisubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde 1. Walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Sekunde 3 ni ndefu mno ukiwa umesimama mbele ya watoto 60 wanaokukodolea macho, kwa hiyo hesabu vidole nyuma ya mgongo. Na usisahau kimya cha pili, kile cha baada ya jibu. Mtoto akinyamaza, nawe ukanyamaza ukimtazama kwa uso mwema, mara nyingi ataongeza “kwa sababu...” bila kuulizwa. Kinachoharibu kimya hiki ni mwalimu kulirudia swali kwa maneno mengine, maana sasa mtoto ana maswali mawili na hajui ajibu lipi.

Jambo la mwisho litawaudhi baadhi yenu: makofi. Mtoto anajibu, mwalimu anasema “Safi sana, mpigieni makofi ya kilo!” Yakishapigwa, mjadala umefungwa. Nani atasimama kupinga jibu lililokwisha kushangiliwa? Yaweke mpaka mwisho wa kipindi. Mtoto akimaliza kujibu, kuwa na maneno manne tu mdomoni: “Sentensi ya ngapi inayosema hivyo?”, “Nani anaona tofauti?”, “Rudia alichosema mwenzako kwa maneno yako” na “Endelea.” Wala usilirudie jibu lake kwa sauti kubwa ili wengine wasikie. Ukifanya hivyo kila mara, darasa linajifunza kwamba mwenzao hasikilizwi, anasikilizwa mwalimu. Mwambie arudie mwenyewe akiwa amewageukia wenzake.

Vitabu vya kiada vinakuja na maswali ya ufahamu tayari, lakini wanafunzi wananakili majibu kutoka kwenye kifungu bila hata kuelewa. Nitatungaje maswali ya kuwafanya wafikiri?
Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote tuliyopokea, na haliwezi kujibiwa bila matini mkononi. Tutatumia kisa cha Abunuwasi na sufuria, ambacho pwani kinajulikana sana. Tumekifupisha na kuzipa sentensi namba. Namba hizo ni nusu ya mbinu yote, kwa sababu bila namba mtoto hawezi kuonyesha ushahidi wake haraka.

(1) Abunuwasi aliazima sufuria kubwa kwa jirani yake. (2) Siku ya tatu aliirudisha, na ndani yake mna sufuria ndogo. (3) “Hii ya nini?” jirani akauliza. (4) “Sufuria yako imezaa,” Abunuwasi akajibu. (5) Jirani akatazama huku na huku, akazichukua zote mbili, akafunga mlango. (6) Baada ya wiki moja Abunuwasi akaja kuazima tena, naye jirani akampa ile kubwa kabla hajamaliza kuomba. (7) Zikapita siku kumi, sufuria haikurudi. (8) Jirani alipoifuata, Abunuwasi akamwambia kwa huzuni, “Sufuria yako imefariki.” (9) Jirani akampeleka kwa kadhi. (10) Kadhi akamuuliza jirani, “Ulipoambiwa imezaa, ulikubali?” Jirani akanyamaza. (11) “Basi,” kadhi akasema, “kizaacho hufa.”

Taffy Raphael, mtaalamu wa kusoma wa Marekani, katika miaka ya 1980 aliyapanga maswali kwa kuangalia jibu linapatikana wapi. Mpango wake unatufaa kuliko zile ngazi ndefu za kufikiri za mwanaelimu Bloom ambazo wengi wetu tulizikariri chuoni. Jibu linaweza kuwa limeandikwa mahali pamoja: “Abunuwasi aliazima nini?” Linaweza kuwa limetawanyika katika sentensi mbili tatu: “Jirani alibadilikaje tangu mara ya kwanza hadi ya pili?” Linaweza kuhitaji matini pamoja na akili ya msomaji: “Je, jirani aliamini kweli kwamba sufuria imezaa?” Au linaweza kuwa kichwani mwa msomaji tu: “Wewe umewahi kunyamazia uongo uliokufaidi?”

Wanafunzi wako wananakili kwa sababu maswali waliyopewa ni ya aina ya kwanza. Usiyafute. Maswali mawili ya aina hiyo mwanzoni yanakuhakikishia kwamba kila mmoja amekijua kisa. Bila hayo, utajadili na watano walioelewa, na wengine watapiga miayo. Kisha weka moja la kuunganisha, halafu swali moja kubwa, moja tu, la aina ya tatu.

Utajuaje kwamba swali kubwa linafaa? Jipime hivi: je, wanafunzi wawili wenye akili wanaweza kulijibu kinyume, na kila mmoja akaonyesha sentensi? “Je, ni vizuri kudanganya?” halifai. Darasa zima litasema si vizuri, mjadala umekufa, na hakuna aliyefungua kitabu. “Je, kadhi alihukumu kwa haki?” linafaa. Mmoja atasema ndiyo, jirani alikubali uongo alipofaidika, tazama sentensi ya 5 na ya 10. Mwingine atasema hapana, kadhi anajua sufuria haizai, na sufuria ni mali ya mtu, tazama ya 1. Wa tatu, naye ndiye unayemngoja, atauliza kwa nini kadhi alimuuliza jirani peke yake na Abunuwasi hakuulizwa kitu. Hilo halimo kwenye kiongozi cha mwalimu.

Swali la “Je, jirani aliamini?” nalo lina utajiri. Mwanafunzi akijibu “Hakuamini,” muulize sentensi ya ngapi. Ataikuta ya 5: kwa nini atazame huku na huku, kwa nini afunge mlango? Mwingine ataivuta ya 6: asingempa haraka vile kama hakuamini. Au alikuwa na tamaa tu? Waache wavutane. Hapo wanasoma neno “kabla hajamaliza kuomba” kwa makini ambayo hakuna zoezi la kujaza nafasi litakalowapa.

Kwa kipindi cha dakika 40, tungegawa hivi. Dakika 4 za utangulizi: onyesha sufuria halisi, uliza kifanyike nini mtu akiazima kitu asirudishe. Dakika 10 za kusoma, kwa kusimama mara mbili, baada ya sentensi ya 5 na baada ya ya 8. Kila kituo uliza, “Unadhani nini kitafuata? Umekiona wapi?” Dakika 5 za maswali mawili ya mwanzo na lile la kuunganisha. Andika swali kubwa ubaoni. Dakika 2 kila mtu anaandika jibu lake peke yake kwa sentensi moja. Dakika 4 wawiliwawili au watatuwatatu. Dakika 10 darasa zima. Dakika 5 za mwisho kila mtu anaandika tena: “Mwanzoni nilifikiri..., sasa nafikiri..., kwa sababu sentensi ya...” Jumla ni 40. Wenzetu wa Kenya wenye kipindi cha dakika 35 wakate 3 kwenye kusoma na 2 kwenye mjadala wa darasa zima, lakini wasiguse zile 2 za kuandika peke yako. Zikiondolewa, watoto wengi wanaingia kwenye kikundi bila wazo na kuazima la yule mwenye sauti kubwa.

Tahadhari kuhusu vituo: kubashiri kunakufa kama darasa limekwisha kukijua kisa. Abunuwasi anajulikana mno, kwa hiyo badilisha jina, mwite “mzee mmoja”, au ruka kubashiri na uende moja kwa moja kwenye hukumu ya kadhi. Na usiwasifu waliobashiri sawa. Aliyebashiri vibaya kwa sababu nzuri amesoma vizuri kuliko aliyepatia kwa bahati.

Nina wanafunzi 96 na vitabu 14. Semina zote zinatuambia “wagawe katika vikundi”. Vikundi gani, na wataketi wapi?
Mwalimu, Geita

Usisogeze dawati hata moja. Kuhamisha madawati 32 ni dakika 8 za vumbi, na kipindi kinachofuata mwenzako atakulaani. Dawati la watoto watatu ni kikundi tayari. Wape herufi A, B na C kulingana na wanavyoketi, na herufi hizo zidumu muhula mzima. Kisha sema: “B ndiye anaanza, ana nusu dakika. A na C wanasikiliza.” Halafu C, halafu A. Vikundi vya watu 8 au 10 vinavyoonekana kwenye picha za semina ni vikundi vya watu 2 wanaozungumza na 8 wanaochezea kalamu.

Vitabu 14 kwa madawati 32 maana yake madawati 18 hayana kitu, kwa hiyo matini iende ukutani. Iandike kwenye manila kwa kalamu nene, herufi ndogo zisipungue sentimita 3, kila sentensi na namba yake. Kisa kama cha Abunuwasi kitakula manila 2. Ukimaliza, nenda ukae dawati la nyuma kabisa ujaribu kuisoma kabla ya watoto kuingia. Kama huna manila, andika ubaoni asubuhi na umwombe mwalimu wa kipindi cha kwanza akuachie nusu ya ubao. Matini fupi ya maneno 80 hadi 100 inayoonekana na wote ni bora kuliko kurasa 3 zinazoonekana na wachache. Vitabu 14 viwe vya kuazimwa kwa zamu kwenda navyo nyumbani.

Kelele itakuwepo. Watoto 32 wakiongea kwa pamoja ni soko, na ni kelele unayoitaka, mradi uwe na njia ya kuizima. Chagua ishara moja, kwa mfano kunyanyua mkono, ambapo kila anayeuona anyanyue wake na kunyamaza. Izoezeni siku ya kwanza mara 5 bila somo lolote mpaka darasa linyamaze ndani ya sekunde 10. Mweleze mwalimu mkuu mapema, ili asije mlangoni na fimbo akidhani hakuna mwalimu.

Kwa majibu ya darasa zima, weka majina yote kwenye vipande vya karatasi ndani ya kopo. Uliza kwanza, ngoja, wazungumze, ndipo uchomoe jina. Ukitaja jina kabla ya swali, 95 wamepumzika. Anayechomolewa asiseme jibu lake, aseme la mwenzake: “Mwenzangu anaona kwamba...” Utashangaa hofu inavyopungua, hasa kwa wasichana wa madarasa ya juu na kwa wale wanaoogopa kuchekwa. Likikosewa, si lake. Pia linawalazimisha wasikilizane. Mtoto aruhusiwe kusema “napita”, lakini jina lake lirudi koponi siku hiyohiyo.

Wanafunzi wangu wa gredi ya 6 siku hizi wanazungumza sana, lakini wanabuni tu. Habari inasema hivi, wao wanakuja na vyao.
Mwalimu, Machakos

Umefika mahali ambapo wengi wangetamani kufika. Sasa wafundishe tofauti ya mambo matatu: kilichosemwa, kilichodokezwa na kilichobuniwa. Kiswahili kimetupa zana nzuri ya kufanyia hivyo. Andika ubaoni: “Daktari alifika saa mbili usiku. Alivua koti lake la mvua, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja alikolazwa mgonjwa.” Waambie wampe daktari jina. Majina mengi yatakayokuja yatakuwa ya kiume. Uliza: “Neno gani limesema ni mwanaume?” Watatafuta, wasipate, kwa sababu “a-” na “-ake” hazibagui jinsia. Hicho ni cha kubuniwa. Kisha uliza: “Nje kulikuwa na hali gani?” Mvua, haikusemwa, lakini koti limedokeza. “Alifika saa ngapi?” Imesemwa.

Dakika 10 za zoezi hilo zinatosha. Baadaye chora safu tatu ubaoni, na kila kauli inayotolewa kwenye mjadala, darasa liamue iende safu ipi. Kubuni si dhambi, mradi mtu ajue kwamba anabuni.

Tukiwazoesha watoto kupinga kitabu na kumpinga mwalimu, hatutakuwa tunawavunjia adabu? Wazazi huku hawatatuelewa.
Mwalimu mkuu, Pemba

Shikamoo, Mwalimu. Hofu yako ina msingi; mtoto anayesema “Siyo!” mbele ya mkubwa hafai popote pwani yetu. Kwa hiyo wapeni maneno ya kupingia kabla ya kuwapa cha kupinga. Andikeni haya kwenye bango na yakae ukutani mwaka mzima: “Samahani, mimi naona tofauti kidogo, kwa sababu sentensi ya...”, “Nakubaliana na mwenzangu hadi hapo aliposema..., ila...”; “Naomba kuuliza, umelijuaje hilo?”, “Nimebadili mawazo baada ya kumsikia...” Asiyeanza na mojawapo haendelei. Kwa wiki ya kwanza yatasikika kama kasuku, wiki ya tatu yatakuwa ya kwao.

Wazazi nao wakumbusheni kwamba kubishana kwa hoja si kitu cha kuletwa na semina. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu, na kurasa za mashairi magazetini zimeendelea na malumbano hayo kwa miaka mingi. Kitendawili nacho: mtoto anatega, mtu mzima anashindwa, anaombwa mji. Hakuna anayeona hapo adabu imevunjwa.

Mbinu moja inayofaa sana kwa shule yenye wasiwasi kama huo ni kugombanisha methali. Soma habari fupi ya dereva wa bodaboda anayemwahisha mgonjwa hospitali usiku kwenye barabara yenye mashimo. Upande wa dirisha watete “Haraka haraka haina baraka”, upande wa mlango “Ngoja ngoja huumiza matumbo”. Hapo mtoto hampingi mkubwa, wakubwa wenyewe ndio wamepingana. Swali lisiwe methali ipi ni ya kweli. Liwe: katika habari hii ipi inafaa, na kuanzia sentensi ya ngapi inaacha kufaa? Baada ya dakika 6 badilisheni pande, kila mmoja atete alichokuwa anakipinga. Kosa la kawaida ni kuligeuza kuwa mashindano yenye mshindi na zawadi. Likishakuwa hivyo, hakuna atakayekubali kubadili mawazo.

Haya yote ni mazuri, lakini mtihani unakuja na shule yetu inapimwa kwa ufaulu. Muda uko wapi?
Mwalimu wa darasa la Saba, Mbeya

Hatukushauri ufanye mjadala kila kipindi. Kimoja kati ya vitatu kinatosha, na vingine viwili endelea na unavyofanya. Lakini hata mazoezi ya mtihani yanaweza kubeba fikra. Chukua swali la kuchagua, mathalani “Kichwa kinachofaa habari hii ni kipi?” Kwa kisa cha sufuria weka: A. Sufuria iliyozaa, B. Tamaa ya jirani, C. Umuhimu wa kuazimana, D. Werevu wa Abunuwasi. Badala ya kuuliza lililo sahihi, yape madawati kazi ya kueleza kwa nini matatu hayafai. C itaanguka mara moja. A itachukua muda: ni sehemu ya kisa, si kisa chote. B na D zitapigana, na hapo watajifunza kusoma kisa kizima kabla ya kuweka alama.

Waambie ukweli pia, kwamba mtungaji wa mtihani anataka jibu moja, na kwamba pale B na D zinapokaribiana hivyo, swali limetungwa vibaya. Wewe usitunge la namna hiyo kwenye jaribio la alama. Kwenye mjadala ni dhahabu.

Nafundisha kidato cha pili. Wanafunzi wanaamini kila kinachotumwa kwenye WhatsApp. Naweza kulitumia somo la ufahamu kwa hilo?
Mwalimu, Mombasa

Ndiyo, na usianze na siasa. Anza na matangazo ya kwenye nguzo za umeme, yale ya dawa inayotibu kisukari, inayoleta kazi na inayorudisha mpenzi kwa wakati mmoja. Tunga la kwako la maneno 50 hivi, bila jina wala namba ya simu ya mtu. Watacheka, na aliyecheka ameshaanza kuchambua.

Waulize maswali matatu kwa mpangilio huu: Nani anasema? Amejuaje? Atapata nini nikiamini? Kisha ingia kwenye sarufi, maana hapo ndipo uongo unapojificha katika Kiswahili. “Imethibitishwa kwamba...” ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Waambie waongeze “na” halafu wajaze: imethibitishwa na nani? “Inasemekana” hata hiyo “na” haiipokei, hakuna anayesema. “Wateja wengi wamepona”: wengi ni wangapi, kati ya wangapi? Wapigie mstari kila neno la namna hiyo, kisha walisome tangazo tena wakiyaruka yote. Mara nyingi kinachobaki ni bei na namba ya simu.

Ukimaliza na matangazo, chukua taarifa halisi ya gazeti na uifanyie vilevile. Usiruke hatua hii. Darasa lililochambua uongo tu hutoka likiamini kwamba kila kitu ni uongo, na kukataa kila kitu bila kusoma ni uvivu uleule wa kuamini kila kitu.

Wakijadili, watoto wangu wanarudi kwenye Kisukuma. Niwakataze?
Mwalimu, Maswa

Usiwakataze kwenye zile dakika 4 za dawati. Mtoto anayetafuta neno hana nafasi kichwani ya kutafuta hoja. Wakirudi darasa zima, ripoti iwe kwa Kiswahili, nawe uwe umeandika ubaoni maneno 5 au 6 watakayoyahitaji. Kwa kisa chetu: tamaa, hila, ushahidi, hukumu, dhulma, kukiri.

Na darasa la Kwanza na la Pili, ambao bado wanaunganisha silabi?
Mwalimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), Singida

Hawasubiri mpaka wajue kusoma. Wasomee wewe, au tumia picha moja kubwa: “Nani hapa ana shida? Umeonaje?” Lile “Umeonaje?” ndilo “Sentensi ya ngapi?” la kwao. Dakika 5 kwa siku zinatosha. Zikizidi hapo wanaanza kusimulia ya nyumbani.

Mjadala unapewaje alama? Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anataka kuona kitu kwenye daftari.
Mwalimu wa taaluma, Tabora

Usihesabu nani kaongea sana. Chora jedwali lenye safu nne: ametoa wazo, ameonyesha sentensi, amejibu hoja ya mwenzake, amebadili au ameimarisha wazo lake. Kila kipindi cha mjadala chagua wanafunzi 8 tu wa kuwafuatilia, bila wao kujua, na uweke vema. Darasa la 96 litakamilika kwa vipindi 12. Safu ya nne usiitafute mdomoni, itafute kwenye ile sentensi ya “Mwanzoni nilifikiri...”, na hiyo ndiyo ya kumwonyesha mthibiti ubora. Kwenye andalio la somo, mjadala wa dawati na sentensi ya mwisho viandike chini ya hatua zinazohusika, ili atakayekukagua avione palepale alipozoea kutazama.

Nami ni mzazi tu, si mwalimu. Binti yangu wa miaka 9 ananisomea kila usiku. Nimuulize nini?
Mama, Tanga

Muulize swali moja, mama, si matano. Akihisi ni mtihani atakwambia ana usingizi. “Wewe ungekuwa jirani, ungeipokea ile sufuria ndogo?” Akijibu, nyamaza kidogo. Kisha mwache naye akuulize lake.